Njoo na Nywele Chafu

Swali ninaloulizwa kuliko hali yangu ni hili: nywele zioshwe kila baada ya muda gani? Naulizwa kanisani, naulizwa kwenye foleni ya kusaga mahindi, na niliwahi kuulizwa matangani marehemu akiwa bado hajazikwa. Najibu bila kusita, kwa kuwa ninayo diploma. Nywele zisizo na dawa, wiki moja, au mbili kama wewe ni mvivu. Zilizosukwa, wiki mbili, na uoshe ngozi ya kichwa, usihangaike na mikia ya misuko. Zenye dawa, kila wiki. Anayekaanga samaki asingoje niseme. Nikimaliza namwangalia aliyeuliza, naye hunirudishia swali la watu wa Eastlands ya Nairobi: "Na maji yakipotea?"

Diploma hiyo sikuachiwa urithi. Nilienda Ghuba, kule Uarabuni, kufua nguo za watu na kulea watoto wa watu, na siku ya mapumziko, wenzangu walipokuwa wamelala kama magunia, mimi nilikuwa darasani nikijifunza mizizi ya nywele inakaa wapi na inakunywa nini. Nilifaulu vizuri kuliko waliolipiwa na baba zao. Niliporudi nilishuka uwanja wa ndege na sanduku moja la nguo na mawili ya vifaa, nikafungua saluni Komarock. Ina masinki ya kuoshea nywele yenye shingo ya kulaza kichwa, tangi langu mwenyewe juu ya paa ili nisipigie mfereji magoti, na pazia zito kule nyuma kwa dada zetu Waislamu wasiotaka nywele zao zionwe na kila mpita njia. Diploma niliitundika mkabala na mlango, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, ili hata anayekwenda kununua sukumawiki aisome akipita.

Nililelewa si mbali na hapo, katika nyumba za zamani za baraza la jiji, ambapo nywele zilioshwa maji yakija. Mama alikuwa akisikia mfereji wa plotini, ule wa wapangaji wote, ukikohoa, anaita: "Vichwa!" Tulitoka mbio na karai. Sabuni ilikuwa ya kipande, ileile ya soksi, na povu lake lilitafuta macho kama lina kinyongo nayo. Maji ya kichwa changu yalimwosha dada yangu mdogo miguu, kisha yakaenda kudeki mlango. Baadaye mama alikaa kwenye kiti, mimi nikakaa kwenye kigoda kati ya magoti yake, naye akanisuka mistari. Ukitikisika, magoti yanakubana. Ukilia, yanakubana zaidi. "Tulia, mama," alikuwa akiniambia. Nimerithi jina la mama yake, ndiyo maana ananiita mama. Mimi pia namwita mama. Mgeni akitusikia tunavyojibizana hudhani nyumba hiyo haina mtoto.

Basi nilipofungua saluni nilijua kila kitu, isipokuwa nilisahau aibu. Wanawake wa mtaani kwetu hawaendi saluni na nywele chafu. Wanaosha kwanza nyumbani. Mtu anakopa mtungi wa maji kwa jirani, anajisugua, anachokonoa mba kwa ncha ya kichana mpaka ngozi inang'aa, ndipo anakuja kuoshwa. Ni kama kudeki nyumba kwa sababu kesho msichana wa kudeki anakuja. Wanaogopa kusemwa. Saluni ina midomo mingi, na hakuna anayetaka kusikia nyuma yake kwamba fulani alifungua kichwa kikatoka chawa na vumbi la nusu ya Barabara ya Kangundo.

Hilo lisingenisumbua kama wangekuja kusukwa tu. Lakini walitaka dawa ya kulainisha, na dawa ikikuta ngozi imeoshwa leo na kuchokonolewa leo, haina huruma. Kichwa kina mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo ngao. Nilifundishwa hivyo, nikafanyiwa mtihani, nikapita. Mteja wangu wa kwanza wa dawa, msichana anayeuza vifuniko vya simu, aliniapia hajaosha. Nilipopaka nyuma ya sikio akaruka kama kuku.

"Anti! Hii kitu inachoma mbaya!"

"Uliosha lini?"

"Si nilikuambia sijaosha!"

"Uliosha lini?"

"Leo asubuhi, lakini kidogo tu!"

Nilimkimbiza sinkini, nikamsuuza mpaka akarudiwa na rangi. Jioni hiyo nikaandika kwa kalamu nene na kubandika chini ya diploma: KAMA UNATAKA DAWA, USIOSHE NYWELE WIKI NZIMA. UKIOSHA, SIKUPAKI. NJOO NAZO CHAFU.

Nje ya mlango wangu kuna mwanamke anayekaanga mandazi. Mandazi yake ni mazuri, sitamdhulumu, lakini sufuria yake ina mafuta na ulimi wake una mafuta zaidi. Alisoma tangazo langu, na kufikia jumapili ilikuwa imeenea hadi mtaa wa pili kwamba yule wa Ghuba anakataza watu kuosha vichwa. Wengine waliongeza kwamba ni dini nimekuja nayo. Wateja wakapungua. Waliokuja walitaka kucha.

Hayo ningeyamudu. Lililonishinda ni swali aliloniuliza siku moja akigeuza mandazi, bila hata kuinua macho.

"Na mama yako husukwa wapi?"

"Mama yangu hufunga kitambaa."

"Aaa. Maana nasema, dada yangu, nikiona mama wa mwenye hoteli anakula ng'ambo ya barabara, mimi niagize nini?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri mandazi walicheka kwa heshima, ile ya kuangalia chini. Nami nikajua kwamba saluni yangu, masinki yake, tangi lake na fremu yake ya dhahabu, vyote vinaning'inia kwenye kichwa kimoja ambacho sikuwa nimekigusa.

Mama anauza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba. Kila asubuhi marobota yanafunguliwa, vumbi la nchi ambazo hajawahi kuziona linapaa, naye anafunga kitambaa chake mpaka kwenye nyusi. Nilimwalika mara nyingi. Alikuwa na sababu kuliko wakili. Mguu unauma. Kuna robota jipya. Mvua. Siku jua lilipowaka na mguu ukapona, alisema, "Mimi sasa nitapendezea nani?" Nilikasirika, nakubali. Nimeosha vichwa vya mabibi waliokuja na dereva na mpishi, wakalala usingizi sinkini mikononi mwangu, halafu mama yangu mzazi ananikwepa kama daktari wa meno!

Mungu akaleta ruracio ya dada yangu mdogo, siku ya wakwe kuleta mahari. Wakwe walikuwa wanatoka upande wa Mlima Kenya, sisi ni wa Magharibi, na mama hakutaka waseme kwamba mama wa bibi harusi ana kichwa cha kufungwa kama mzigo. Akanipigia simu.

"Mama, ijumaa nitakuja. Unipake ile dawa."

"Usioshe nywele, mama. Umenisikia? Usiziguse hata na maji ya wudhuu."

"Sisi si Waislamu."

"Usiziguse tu!"

Nilitangaza. Kwa nini nisitangaze? Nilimwambia muuza vifuniko vya simu, nikamwambia mwenye duka la gesi, na nikamwambia mama wa mandazi kwa sauti iliyofika hadi kituoni kwamba ijumaa mama yangu anakaa kwenye kiti changu, anayetaka aje aone mikono yenye diploma inavyofanya kazi.

Wakaja. Wengine walijifanya wanatengeneza kucha, wengine hawakujifanya. Mama wa mandazi aliacha sufuria, kitu ambacho hakufanya hata siku ile askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walipopita. Mama yangu aliingia na viatu vya kanisani, akasalimia kila mtu kwa mkono, akaketi. Nikafungua kitambaa.

Harufu ya sabuni ya kipande ilijaa saluni nzima. Nywele zilikuwa safi kama sufuria ya bibi harusi. Nikagawanya kwa kichana, nikaona ngozi imesuguliwa mpaka imekuwa nyekundu kwenye njia za kichana, na mikwaruzo kama ya paka.

Niliinama nikamnong'oneza. "Mama, umeosha."

Yeye hakunong'ona. "Jana! Na leo tena. Nilipata maji, nikazisugua. Ungetaka niingie hapa mbele ya watu na vumbi la Gikomba kichwani, waseme mama ya mwenye saluni ni mchafu?"

Muuza vifuniko alilitazama tangazo. Mwenye gesi naye akalitazama. Mama wa mandazi hakuwa na haja ya kulitazama, alikuwa amelisambaza yeye mwenyewe, analijua kwa moyo.

Nilikuwa na njia mbili tu, zote mbaya. Nikimpaka, nitamchoma mama yangu, na tangazo langu litakuwa uongo wa ukutani. Nisipompaka, nimemfukuza mama yangu mzazi mbele ya mtaa, na kesho ruracio. Kopo la dawa lilikuwa mkononi, limefunguliwa. Nikaona vidole vyake vinatafuta kitambaa mapajani, polepole, kama mtu anayetaka kuondoka bila kumsumbua mwenye nyumba.

"Sikupaki," nikasema.

"Unanifukuza?"

"Sijakufukuza. Nimesema dawa sikupaki. Ingekuwa ni mke wa gavana nisingempaka. Itakuunguza, na mimi sikwenda kusoma ili nikuunguze."

Nikafunga kopo kwa nguvu, waone. Kisha nikaenda kule nyuma kwenye pazia nikaleta kigoda ninachokalia nikisugua miguu ya wateja. Nikakiweka sakafuni. Mimi nikakaa kwenye kiti kikubwa.

"Njoo ukae hapa, mama."

Alikitazama kigoda, akanitazama. "Mimi? Chini?"

"Hapa."

Akakaa, viatu vya kanisani vimenyooka mbele. Nikajipaka mafuta vidoleni, nikamgusa penye mikwaruzo taratibu, nikaanza mstari wa kwanza kutoka kwenye paji la uso. Sikuhitaji rula wala kioo. Mistari ileile, ya kwenda nyuma na kukutana juu ya shingo, aliyonisuka mimi kwenye mlango wa plotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe zaidi ya nilivyodhani, laini kama pamba ya mto mzee. Katikati ya mstari wa tatu akageuka kuona mama wa mandazi anacheka nini.

Magoti yangu yakambana, yenyewe.

"Tulia, mama," nikasema.

Watu walicheka mpaka mwenye gesi akashika ukuta. Mama mwenyewe alicheka, mabega yakitikisika, nami nikambana tena kwa kutikisika. "Mnaona!" aliwaambia. "Analipiza!" Nilipomaliza alijishika kichwa chote, akakizunguka kwa viganja kama anayepima tikiti maji, kisha akasimama akatoka nje jua limwone. Kitambaa alikisahau kwenye kiti.

Wakwe walimsifu kesho yake. Sisemi zaidi, ila mama wa bwana harusi aliuliza msusi ni nani, na si mimi niliyemwambia. Ni mama, kabla hajamaliza kuuliza.

Lakini mimi nilikuwa nasubiri kitu kingine. Mtu anaweza kusukwa na mtoto wake mara moja kwa sababu ya harusi. Nilikuwa nimemwambia siku ileile niliyomsuka: "Wiki mbili, urudi nikuoshe. Mimi, si wewe." Akasema tutaona, maji yakija. Nikamkumbusha kwamba nina tangi. Akasema sawa, lakini sauti ilikuwa ile ya robota jipya na mguu unaouma.

Wiki mbili zilipotimia alikuja. Hakutoka nyumbani, alitoka Gikomba moja kwa moja, na mkoba wake wa sokoni, nguo ya jana yake na kitambaa mpaka kwenye nyusi. Saluni ilikuwa na watu. Mama wa mandazi alikuwa mlangoni, ameegemea. Mama akasimama katikati, akavuta kitambaa kwa mkono mmoja, na vumbi la marobota likaruka kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya," alisema. "Chafu nimeleta. Osha."

Nikamlaza sinkini. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya maziwa, ya pili chai ya rangi, nami nikafungulia mengine. Nilisugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, duara ndogondogo kutoka masikioni kwenda utosini, jinsi mikono yangu inavyojua. Alifumba macho. Povu langu halifiki machoni mwa mtu, hilo ni jambo ninalojivunia, lakini aliyakaza kwa mazoea ya karai. Baada ya muda yakalegea.

Mama wa mandazi akasogea mpaka karibu na sinki. Alinukia unga na iliki.

"Dada," aliniambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "na mimi nikija na mafuta yangu ya kukaangia kichwani, hutanisema?"

Kabla sijajibu, mama alinena kutoka sinkini, amefumba macho.

"Njoo. Huyu anaosha vizuri. Nilimfundisha mimi."