Nyumba ya Karibu na Soko

Binti yangu alitaka nyumba moja tu katika Rumonge yote, na mimi nilijua ilikuwa ya nani. Hilo limenichosha kuliko kazi zote nilizofanya maishani, na nimefanya kazi.

Nianze na maji. Binti yangu anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa amepanga nyumba kule chini karibu na ziwa, na kwa biashara yake palikuwa pazuri: mitumbwi ikirudi alfajiri anaisikia akiwa bado kitandani, anavaa kitenge, anakuwa wa kwanza ufukweni. Halafu ziwa likaanza kupanda. Kwanza lilichukua ua. Mwaka uliofuata likaingia jikoni, likatoka, likarudi, na safari hiyo halikutoka tena. Alikuja kwangu na godoro kichwani, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Akaingia chumba changu cha nyuma, yeye na masufuria yake na harufu ya samaki, ambayo siwezi kuilalamikia, maana na mimi imenilisha.

"Mama, safari hii sipangi tena," aliniambia. "Nanunua. Na nanunua hapa hapa katikati."

Si yeye peke yake anayesema hivyo. Mtaa wetu huu wa Waswahili, watu walikuwa wakiukimbia. Nyumba zimebanana, ukipiga chafya jirani anakuombea dua. Waliopata kazi nzuri walikwenda kujenga kule juu upande wa michikichi, nyumba za vyumba vikubwa na madirisha ya vioo, tukawasifu. Sasa nawaona wanashuka mmoja mmoja. Wanakuja pia watu wa Bujumbura, wanakuja Wakongomani wa Uvira, wanakuja waliofukuzwa na ziwa. Kule juu bomba linatoa maji siku linapotaka. Mvua ikinyesha, pikipiki hazipandi. Mke wa mtoto wa jirani yangu alishikwa na uchungu kule, wakamteremsha kwenye kiti, wanaume wanne ndani ya matope, akajifungua kabla hawajafika kwenye lami. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Lakini yule mama hajapanda tena. Amekaa kwa mkwewe hapa chini, anasema vile vyumba vikubwa mume alale navyo.

Hapa soko liko hapo, hospitali iko hapo, gari la Bujumbura unalisikia likiita watu ukiwa bado unafunga kiatu. Na ukianguka, unasikiwa. Mimi nilianguka uani mwaka jana. Zilinisikia nyumba tatu, na zote tatu zilinigombeza.

Basi siku moja akaja komisioneri, yule wa kutafutia watu nyumba, mtu mzima mwenye tumbo na simu mbili.

"Amahoro, mukecuru, bibi yetu! Mutoto wako nimemupatia nyumba. Atanikumbuka mupaka kaburini."

"Kaburi la nani?"

"La kwangu, Bibi, la kwangu. Wewe iko bado kijana." Akajipangusa jasho. "Iko na bomba ndani ya parseli, pale pale uani. Iko na umeme. Anatoka mulangoni, hajahesabu hatua mia, amefika sokoni. Mwenye nyumba ni ule dereva wa lori, anahamia Bujumbura kwa watoto wake."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu akiwa msichana. Mimi nikainama nikaanza kuokota vitu chini ambavyo havikuwapo.

Nyumba ile aliijenga fundi cherehani. Nilikuwa msichana, bintiye alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tukikaa kwenye baraza yao tukimwokotea baba yake vifungo. Pasi yake ya mkaa aliitua siku moja juu ya saruji mbichi, ikaacha alama nyeusi, akapiga kelele kama aliyeungua mwenyewe. Jina lake ninalo. Majina yote ya mtaa huu ninayo, na ya watoto wao, na ya waliokufa wachanga. Hapa siyaandiki, maana wenyewe hawakuniruhusu. Miaka ile watu walipokuwa wakiuawa, fundi alivuka ziwa na familia yake, cherehani ikabaki mezani na nguo ya mtu ndani yake. Akaja mtu mwingine akaingia. Alikaa miaka mingi, akazaa pale, kisha akauza kwa dereva.

Na siku ya kumwuzia dereva, mimi nilikuwapo.

Kwetu nyumba hainunuliwi na watu wawili. Majirani wanaitwa, karatasi inasomwa kwa sauti, soda zinagawiwa, na kila shahidi anaweka jina lake au dole lake. Karatasi ya komini, ile ya serikali, inakuja baadaye. Watu wanatazama kwanza nani aliweka dole. Nimesoma madarasa matatu, jina langu naliandika, lakini wao wanapenda dole. Wanasema dole la Bibi likiwa pale, nyumba haina maneno, kwa sababu anajua nani alikaa wapi. Ndiyo maana nimeitwa kwenye mabaraza mengi kuliko harusi.

Siku ile karatasi ilisomwa, nyumba ya fulani, inakwenda kwa fulani. Nikangoja mtu aulize, na kabla yake? Hakuna aliyeuliza. Vita vilikuwa vimetulia juzi tu, watu walikuwa wanataka kulala. Nikanywa soda yangu. Nikaweka dole.

Nilimwambia binti yangu jioni ile, akiwa anachambua ndagala kwenye ungo, anatoa mchanga na visamaki visivyotakiwa.

"Ile nyumba ilikuwa ya fundi cherehani."

"Fundi gani?"

"Wa zamani. Walikimbia."

Vidole vyake vikaendelea. "Si dereva alinunua?"

"Alinunua kwa mtu aliyeingia tu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shahidi."

Akaweka ungo chini polepole. "Yaani, Mama, kwa mtu baki ulinyamaza, mdomo unakuja kuufungulia kwangu mimi?"

Nikauvuta ungo, nikaendelea kuchambua mimi.

Siku tatu alinisalimia tu. Ya nne akaniuliza, bila kunitazama, kama yule fundi aliacha mtoto. Nikasema aliacha, yule rafiki yangu, na kama yuko hai atakuwa Kigoma. Kuna mama mmoja wa hapa mtaani anayefanya biashara ya vitenge, anapita Kabonga mpakani na kuvuka kwenda Tanzania kila mwezi. Binti yangu alikwenda kwake mwenyewe. Mimi sikumtuma. Mama wa vitenge aliporudi alikuwa na namba, na ujumbe kwamba yule mwanamke alikuwa amecheka kwanza, kisha akakaa chini.

Tulipiga kwa simu ya binti yangu, akaiweka iongee kwa nguvu.

"We, bado hujafa?" Sauti yake ilikuwa nene, lakini nilimjua.

"Nakungoja wewe utangulie, ulikuwa unapenda kuwa wa kwanza."

"Mwongo. Ni wewe ulikuwa unanisukuma kwenye foleni ya maji." Tukacheka. Binti yangu akanikanyaga mguu. Nikamweleza yote, na dole langu nikalieleza.

Nikamsikia akiwafukuza watoto nje, akafunga mlango.

"Mimi sirudi huko," akasema. "Kaburi la baba liko hapa, wajukuu wangu wako hapa, Kirundi hawajui. Binti yako na anunue. Namwachia kwa moyo safi. Ila waandike kwenye karatasi kwamba nyumba aliijenga baba yangu. Jina lake, basi. Mstari mmoja."

"Mstari mmoja tu?" binti yangu akauliza.

"Mmoja tu, mwanangu. Hata ukiwa mfupi."

Binti yangu alitembea nyumba nzima siku hiyo akiimba. Alikuwa ameshapanga kichwani wapi ataweka meza ya samaki, wapi pipa la maji. Alitaka mlango wa mbele upakwe bluu. Nilimwacha apange. Mstari mmoja, nani angekataa mstari mmoja?

Tulikutana kwenye baraza ile ile, dereva, komisioneri, majirani sita, na kreti ya soda. Dereva ni mtu mwenye heshima, alinipa kiti chenye mto. Karatasi ikasomwa. Binti yangu akasema kwa adabu kwamba anaomba kuongeza kitu kidogo, akakitaja, akalitaja na jina.

Dereva aliweka chupa yake chini.

"Jina hilo haliingii."

"Bintiye hataki kitu, Baba," binti yangu akasema. "Tumeongea naye. Ametoa ruhusa."

"Yeye hataki. Watoto wake je? Nikiandika kwamba nyumba ilijengwa na fulani, nimeandika kwamba haikuwa ya aliyeniuzia. Kesho wajukuu wanakuja na karatasi hii mkononi, wananiuliza pesa niliyokula. Niliendesha lori usingizi ukinipiga makofi kwa ajili ya nyumba hii." Akanigeukia. "Na wewe, Mama. Wewe mwenyewe uliweka dole. Mbele yangu hapa."

"Niliweka."

"Ulisema neno?"

"Sikusema."

"Basi na leo usiseme."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Tena hakuwa amekosea kila kitu, maana kama ningesema siku ile, yeye pia angejua anachonunua. Majirani walitazama miguu yao. Mmoja, mkubwa kwangu kidogo, alikuwa akimjua fundi kama mimi ninavyomjua, aliwahi kushonewa kanzu na yeye. Akanywa soda yake.

Komisioneri akacheka ili watu wacheke. "Ni kajambo kadogo haka! Tuandike bila mustari, tumalize. Kama Bibi amechoka, madole ya watu iko mingi hapa, tutaazima lingine."

Watu wakacheka kweli. Na mimi nilikuwa nimechoka, hakudanganya. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba wangeniletea ule wino wakati ule, sijui kidole changu kingekwenda wapi. Nasema kama ilivyokuwa. Nilitaka mtoto wangu apate bomba lake na nikalale.

Binti yangu hakucheka. Alikuwa anatazama bomba pale uani, lilikuwa linadondosha maji tone tone kwenye ndoo ya mtu. Alilitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akafunga kitenge vizuri.

"Baba, murakoze, asante. Soda tumekunywa," akasema. "Nimetoka kwenye nyumba niliyokuwa naogopa maji. Sina nguvu ya kuingia nyingine nianze kuogopa watu kila mlango ukigongwa."

"Lakini hakuna atakayekuja, mutoto wangu!" komisioneri akasema. "Huyo mwanamuke iko Tanzania!"

"Basi kama hakuna atakayekuja, jina lingeandikwa."

Akanishika mkono kuniinua, akanishika kwa nguvu mno, mpaka nikaona alama ya vidole vyake baadaye. Njia ya kurudi kwangu ni fupi, ndiyo iliyokuwa sifa ya nyumba ile.

Haikumaliza mwezi, ikanunuliwa na mfanyabiashara kutoka Bujumbura anayekusanya mawese. Madole yalipatikana. Ni watu wazuri, sina la kuwasema. Siku ya Idi waliniletea pilau kwenye sahani ya udongo, nikala, lilikuwa na iliki ya kutosha, nikarudisha sahani imeoshwa. Mlango wameupaka kijani.

Rafiki yangu wa Kigoma nilimpigia nikamwambia ilivyokwisha. Nilikuwa nimejitayarisha kulaumiwa. Akavuta pumzi, akasema, "Sawa. Lakini siku nyingine usinipigie kwa mambo ya nyumba. Nipigie tu." Sasa ananipigia yeye, mara nyingi wakati wa sala ya adhuhuri, hajui kupanga saa, na ananisimulia magonjwa yake yote.

Binti yangu alirudi kwenye salamu tupu, safari hii si siku tatu. Alikuwa akiondoka alfajiri, anarudi na beseni, anakula amesimama. Chumba cha nyuma ni kidogo kwa mtu wa umri wake. Namsikia akijigonga kwenye kabati anapovaa. Sikumwomba msamaha kwa sababu sikujua niombe wa lipi, wa kunyamaza zamani au wa kusema sasa.

Wiki iliyopita aliingia na chai, yangu na yake, akakaa kwenye mkeka. Akasema kuna nyumba nyuma ya soko, upande wa mafundi viatu. Vyumba viwili tu. Bati limeshuka upande mmoja, lakini barabara iko karibu, na ndagala zinaweza kuanikwa mbele.

"Sijaingia ndani," akasema. "Kabla sijaipenda, niambie kwanza."

Nikamwambia. Nikaanza na aliyefyeka pale mara ya kwanza, nikaja kwa mwanawe, nikaja kwa mjane aliyeuza kwa sababu ya ugonjwa, aliyenunua, waliokaa mashahidi, wangapi wako hai na wanakaa wapi. Nilitaja kila mtu kwa jina lake na la baba yake. Ilichukua muda. Alisikiliza yote, na mara mbili alinirudisha nyuma.

"Hakuna aliyedhulumiwa?"

"Hakuna ninayemjua. Bafu tu. Bafu lilikuwa linavuja tangu enzi za yule mjane."

"Bafu nitatengeneza," akasema, akamalizia chai yake.