Maneno ya Daktari wa Kwenye Mkanda

Enzi zetu pale kambini Mbuya, Kampala, sisi watoto wa askari tulikulia kwenye vile vijumba vya mabati vya duara tulivyoviita mama ingia pole, maana mlango ulikuwa mfupi na mtu mzima asipoinama alitoka na nundu usoni. Mchana vilichemka kama sufuria. Kwa hiyo maisha yote yalikuwa nje: kupika nje, kufua nje, kusukana nje, kugombana nje. Saa kumi jioni tulicheza kwepena kwa mpira wa soksi kuukuu tulizojaza mifuko ya nailoni, na aliyepigwa alitoka, hakuna kesi. Watoto wa Ntinda, ninakoishi sasa, ukiwaambia wakwepe mpira watakuuliza mchezo huo unapakuliwa wapi.

Lugha yetu ilikuwa Kiswahili cha kambi. Sisi Waacholi, jirani wa kushoto Mlugbara, wa mbele Mteso, lakini matusi yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa sarufi angetusikia tukisema 'yeye nasema' badala ya 'anasema' angezimia, ila sisi tulielewana vizuri tu.

Jirani wetu wa kulia alikuwa Mama Piloya, mke wa Sajini Odoch. Binti yao Piloya alikuwa na miaka minne, akinifuata kila mahali na kuniita dada. Mama Piloya ndiye mtu mzima pekee aliyefunga leso kiunoni akaingia kwenye kwepena yetu, na alikuwa mwizi wa mchezo hasa. Akipigwa mgongoni anaapa kwamba mpira umepita. Alikaanga kabalagala, vile vichapati vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, na vilivyoungua alitugawia sisi. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wa damu. Nasema hili mapema ili msije mkadhani niliyoyafanya niliyafanya kwa chuki.

Mama yangu alikuwa akifua nguo kwa familia moja ya Wapakistani waliouza magari mjini. Likizo nilikwenda naye, nikakaa jikoni nikisikiliza, na nikarudi kambini na maneno yangu kumi na matano ya Kiurdu. Pani ni maji, jaldi ni haraka, ghar ni nyumbani. Bibi wa nyumba ile alimpa mama mikanda ya video aliyokwisha kuitazama, tamthilia ndefu za kwao, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wanawake wa mstari wetu walijazana kwa mke wa afande mmoja aliyekuwa na televisheni. Mkanda tulioupenda kuliko yote ulihusu binti aliyeolewa kwenye jumba la ngazi mbili. Wanawake walimbatiza Bibi Shela, kwa ajili ya mtandio wake. Mwanzoni alicheka sana, baadaye akaanza kulia bila sababu, halafu akanyamaza kabisa, akawa anakaa kutazama ukuta huku mama mkwe akimsimanga.

Mtafsiri nilikuwa mimi, mwenye miaka kumi na mmoja na maneno kumi na matano. Aliyekulia Kampala anawajua watafsiri wa vibanda vya video: wanashika maiki, wanazungumza juu ya sauti za wahusika, wasichokijua wanakitunga, na wanatia chumvi mpaka filamu ya vita inakuwa ya kuchekesha. Hakuna aliyeuita uongo. Ndiyo ilikuwa ladha yenyewe. Nami nilisimama kando ya televisheni na mwiko mkononi badala ya maiki, nikawapa wanawake wale hadithi yangu, na walinipigia makofi. Mama alicheka kama wenzake, lakini njiani aliniambia, "Aber, hiyo mdomo yako iko siku italetea sisi balaa."

Mwaka ule Mama Piloya alijifungua mtoto wa kiume. Wiki ya tatu hivi akabadilika. Tulizoea kuamshwa na wimbo wake, sasa kukawa kimya. Alikaa kizingitini na mtoto akilia mapajani, maziwa yakimlowesha gauni, naye anatazama tu ukuta wa jirani. Uji uliungua. Piloya alikuja kula kwetu. Nesi wa zahanati ya kambi alikuja kumwona, akamwambia sajini waziwazi, mbele ya mama yangu, kwamba huu ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake wakishajifungua, unatibika, ampeleke hospitali ya wagonjwa wa akili haraka. Sajini alikasirika. "Bibi yangu hapana kichaa," alisema. Lakini hakuwa mtu mbaya, na alimwogopea mkewe. Akaomba ruhusa ya Jumatatu ampeleke.

Jumamosi ikaja kabla ya Jumatatu. Siku hiyo Bibi Shela naye alipelekwa kwa daktari. Chumba kilijaa, na Sajini Odoch alikuwa amesimama mlangoni, amemfuata Piloya aliyekaa miguuni pangu. Daktari wa kwenye mkanda, mzee wa miwani, alivua miwani yake akaongea na mume kwa muda mrefu sana, polepole. Wanawake wote wakanigeukia.

"Sema basi! Daktari nasema nini?"

Nilikuwa nimeshika neno moja tu, ghar. Nyumbani. Mengine yote yalinipita. Wangeniona sijui kitu, na aibu hiyo sikuiweza. Nikainua mwiko, nikaweka ile sauti nzito ya kibandani.

"Daktari anasema, wewe mwanamume, usichezewe! Huyu haumwi. Anajifanya, anataka kurudi nyumbani kwa mama yake. Mfungie ndani wiki tatu, atapona mwenyewe!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama wa Kilugbara aligonga meza akasema, "Banange, huyu daktari najua wanawake!" Sajini peke yake hakucheka. Aliniuliza, "Daktari nasema hivyo kabisa?" Nami nikamjibu, kwa kiburi cha mtoto aliyepigiwa makofi, "Hivyo kabisa, afande."

Jumatatu hawakwenda hospitali. Alinunua kufuli. Akienda zamu asubuhi anamfungia mkewe ndani na mtungi wa maji, akirudi jioni anamfungulia. Mtoto mchanga alipelekwa Gulu kwa bibi yake, na Piloya akawa anashinda kwetu. Mabati yale mchana nimekwisha kuwaambia yalivyokuwa. Siku za kwanza Mama Piloya aligonga, na sisi tulicheza kwepena upande wa pili wa uwanja ili tusisikie. Baadaye hakugonga. Mama yangu alikwenda kumsihi sajini mara mbili, nesi mara moja, naye akawajibu kwamba hata daktari amesema. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nikanyamaza. Wiki ya tatu alipofungua jioni moja alimkuta mkewe amekufa. Sitasema zaidi ya hapo.

Sajini alihamishwa akaondoka na Piloya. Mikanda ile mama hakuileta tena, na hatukuzungumza juu ya jambo hilo kamwe, yeye na mimi, mpaka siku nilipomzika yeye mama.

Mwaka jana binti yangu aliiona ile tamthilia kwenye simu, akaniletea anicheke kwa tulivyopenda mambo yale ya zamani. Siku hizi maandishi yanatembea chini ya picha, kila neno limetafsiriwa, na watoto wenyewe hata hawayasomi. Mimi niliyasoma. Daktari alivua miwani akamwambia yule mume: mke wako anaumwa, si kosa lake wala lako. Usimwache peke yake hata saa moja. Mrudishe nyumbani kwa mama yake apumzike, kisha mlete kwangu kila wiki. Nilimrudishia binti yangu simu.

Muda mfupi baadaye Piloya alirudi Mbuya akiwa ameolewa, tukatafutana, tukawa dada tena, na miezi yote ile sikumwambia. Halafu mwezi uliopita mume wake akanipigia. Piloya alikuwa amejifungua, na ameacha kula, ameacha kusema, na hospitali hataki kuisikia. Nikaenda. Nilimkuta kitandani amegeukia ukuta. Nilipomsihi alinijibu bila kugeuka.

"Dada, mimi nakwenda huko kufanya nini? Mama yangu alikuwa hivi hivi. Daktari Mhindi aliona yeye, akasema najifanya. Baba aliambia mimi mpaka siku ya kufa kwake. Sitaki watu nasema mimi pia najifanya."

Kwa hiyo ndivyo mwiko wangu ulivyokuwa daktari wa kweli, na binti alilelewa akiamini mama yake alikufa kwa ukaidi. Nilikaa sakafuni nikamwambia yote. Mkanda, neno moja nililolishika, makofi, baba yake mlangoni. Nilimwambia hakuna daktari yeyote aliyewahi kumwona mama yake. Aligeuka akanitazama.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mimi nilikuwa na nne," alisema. Kisha akaomba viatu.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi na mtoto mikononi mwa baba yake. Nesi kijana akafungua daftari, akauliza nani atamsemea mgonjwa, maana wengi huletwa hawawezi kusema. Nilishasimama. Piloya akanishika gauni akanikalisha chini.

"Hapana. Mimi nasema mwenyewe."

Akaingia, mlango ukafungwa, nami nikabaki nje. Watu wa rika langu tunapenda kusema kwamba enzi zetu watu walijaliana, kwamba mtoto wa mwenzio alikuwa wako, na siku hizi kila mtu na simu yake. Nami nazililia siku zile, uongo mbaya. Lakini kwenye benchi lile nilizipitia siku zile zote, moja moja, na wanawake wote waliojaa chumbani, na nesi, na mama yangu, na mimi na maneno yangu kumi na matano. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda pale kizingitini akamwuliza Mama Piloya mwenyewe anaumwa nini.