Tulivyojifunza Kusema "Nishakula" kwa Kiingereza

Sisi tuliosoma mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, wakati wa vita ya pili, ile ya mwaka tisini na nane, tulikuwa na chaki ambayo watoto wa leo hawaijui: muhogo mkavu. Uliandika vizuri ubaoni, ila ulikuwa na kasoro moja, ulilika. Na wenzangu mnaikumbuka njaa ile. Askari walikuwa wamekataza mitumbwi kuingia ziwani, mashamba ya mlimani yanaogopwa, soko la ndagala, dagaa wetu, limebaki harufu tu. Shule yenyewe ilikaliwa na askari, tukawa tunasomea kanisani, daftari juu ya magoti.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Wilondja, alikuwa mwanamume mrefu wa koti moja la kahawia, aliyejifunza lugha hiyo alipokuwa mkimbizi Kigoma. Tulimtesa. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tulitafsiri "j'ai mangé", ambayo ni nilikula na nimekula pia, neno kwa neno, tukaandika: "Yesterday I have eaten." Mwalimu alishika kichwa.

"Jana ilishaisha, bana! Jana ni 'I ate'. 'I have eaten' ni nishakula, tumbo yako inajua sasa hivi!"

Hatukuelewa, mpaka siku aliyogeuka kuchukua chaki asiione. Asukulu, mvulana wa benchi la mbele, alikuwa amefumba mdomo, midomo imejaa unga. Mwalimu alimtazama, kisha akatuambia kwa utulivu:

"Batoto, muangalie. 'Asukulu has eaten the chalk.' Alikula saa ngapi? Hatujue. Lakini chaki iko wapi? Haiko. Na unga?"

"Iko ku mudomo!" kanisa zima likajibu. Tulicheka mpaka machozi, Asukulu mwenyewe akicheka huku anatafuna. Tangu siku ile hakuna aliyekosea tena.

Basi ikawa kila asubuhi mwalimu anapita kwenye mabenchi akiuliza, "Have you eaten?" na kila mmoja anasimama kujibu. Kwetu tulikuwa watoto wanne na mama. Baba alikuwa amekwama Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, barabara imefungwa. Mama alikuwa ametuonya: "Mutu akikuuliza, sema ulikula." Jumatatu nikajibu, "I have eaten." Jumanne vilevile. Jumatano mwalimu akataka kujua nimekula nini.

"I have eaten fish."

Darasa likaangua kicheko, maana samaki hakuna aliyemwona kwa wiki mbili. Mwalimu hakucheka. "Sentensi iko sawa, Riziki," alisema. "Ikaa."

Masomo yalipoisha akaniita, akanipa zoezi la nyumbani. "Enda kwangu. Umuulize mama Sifa, 'Have you cooked?' Kesho uniletee jibu."

Mama Sifa ni mke wake. Sikuwahi kumsikia akisema hata Kifaransa. Nilimkuta uani anachekecha unga, nikamuuliza kama nilivyotumwa. Akafuta mikono kwenye kitenge, akajibu polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"I have cooked. Sit."

Ulikuwa bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, bila mawese. Nilikula wote.

Wiki ile nilipewa zoezi lile mara tatu. Asukulu naye alipewa, na wengine, na kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye dhaifu wa sarufi.

Mama aligundua jioni niliposukuma sahani yangu kwa wadogo zangu. "Nishakula," nilimwambia.

"Ulienda kuombaomba kwa batu?"

"Hapana, mama. Ni devoir, zoezi ya mwalimu."

Kesho yake akaenda kwa mwalimu, nami nikamfuata nikiogopa ugomvi. Tulimkuta mama Sifa na watoto wake watano wamezunguka sahani moja ndogo, mwalimu amekaa pembeni na kikombe cha maji. Mama yangu aliitazama sahani ile kutoka mlangoni. Alivua kandambili, akachukua mchi, akaanza kutwanga sombe ya mama Sifa. Tangu hapo wakawa wanakwenda shambani pamoja, maana wawili hawaogopi kama mmoja, na muhogo wakagawana. Baba aliporudi alitukuta wote hai.

Wanangu leo wanajifunza Kiingereza kwenye simu. Simu inawapongeza, inawapa nyota, na wao wanaongea kwa pua mpaka nashindwa kuwafuata. Hiyo "have" iliyotutoa jasho wanaipita mbio. Juzi niliwauliza: katika darasa lenu, nani hakula leo? Wakatazamana.

"Mama, tutajua namna gani?"

Nashukuru Mungu kwamba hawajalazimika kujua. Nashukuru sana. Lakini niliwaambia waweke simu chini.

"Kesho muulize."