Mama Mkwe Ndani ya Majani ya Malisho

Jamani, aibu nyingine mtu unaificha hata kwa padri, lakini hii kijiji chetu chote cha Mwamkulu kinaijua, basi bora mnisikie mwenyewe: niliwaita wanaume na mikuki yao waje wamuue mama mkwe wangu.

Chanzo ni ubishi. Mvua zilipoanza nilipanda desmodiamu katikati ya majani ya malisho, ile jamii ya maharage inayotambaa, ng'ombe wanaipenda kweli, na ikishashika vizuri inachipua yenyewe mwaka hadi mwaka. Bwana mifugo akaniambia, "Miche ikitoka, ingiza ng'ombe kidogo washushe majani, la sivyo itakosa jua." Thubutu! Nipande kwa mkono wangu halafu niwakaribishe ng'ombe waje kula? Nikazungushia miba, nikabakiza kilango tu (najiona mjanja), na majani yakapanda mpaka yakanipita kichwa.

Sasa, siku hizo simba alikuwa ameua ndama kijiji cha jirani, watu wote roho juu. Asubuhi moja nikaingia kuitafuta desmodiamu yangu, nimeinama napekua huku na huku, naona kamche kamoja hapa kamoja kule, tena ka njano, mara nikasikia kitu kinahema. Karibu kabisa. Nikatulia, nacho kikatulia. Nikasogea, majani yakatikisika. Ndugu zangu, niliogopa sijawahi kuogopa hivyo, nikachomoka kupitia miba yangu mwenyewe, suruali ikabaki huko, nikapanda juu ya kichuguu nikapiga yowe.

Na kwetu yowe likipigwa hakuna anayeuliza, kila mwanaume anakuja na alichonacho. Wakayazunguka majani, mbwa wanabweka, na jirani yangu Masanja, ambaye shabaha yake naijua, akanyanyua mkuki kuelekea pale nilipokuwa namwonyesha kwa kidole.

"Hapo hapo, usimkose!" nikasema. Mimi huyu huyu.

"Ni mimi jamani! Mama Regina!"

Regina ni mke wangu. Na kwetu mama mkwe na mkwewe hawakutani uso kwa uso. Mama wa watu alikuwa anakuja kumwona binti yake, akaniona kwa mbali, akapenya kilangoni akajibanza kwenye majani ili nipite zangu, nami nikamfuata humo humo. Hata mbwa walipomzunguka alinyamaza, maana mkwe alikuwa karibu.

Masanja akashusha mkuki. Mama akatoka kitenge kimemfunika uso wote, na mimi juu ya kichuguu nimebaki na bukta. Nikakaa chini. Kama angechelewa kusema, ningemwambia nini Regina?

Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi. Alimpokea, kisha akamtuma binti yake: "Mwambie mumeo, nilijificha kwa kumheshimu, nusura nife kwa kumheshimu. Majani ayapunguze."

Ng'ombe niliwaingiza siku ile ile, na desmodiamu kidogo imeanza kuonekana. Lakini yowe sipigi tena maisha yangu yote. Likipigwa na mwingine naenda, mguu mzito, na kabla mtu hajanyanyua mkuki nauliza kwanza, "Mama yuko wapi?"