Nilipocheza Wimbo wa Marehemu Kule Adu

Ngumi ya kwanza ilinikuta nimefumba macho, kwa sababu saksofoni ikipanda juu mimi hufumba macho. Nilidhani spika imeniangukia. Nilipoonja damu ndipo nikajua ni mkono wa mtu.

Mimi ni mpenzi wa bango, muziki wetu wa pwani wa saksofoni, na sisemi mpenzi kama yule anayeusikiliza muziki redioni huku akikuna nazi. Diploma yangu ya umeme niliisomea jioni, mchana nikibeba mawe ya kujengea nyumba za watu. Nikaenda Uarabuni miaka tisa, nikafunga mitambo ya sauti katika hoteli ambazo wengi hapa Malindi hawajaziona hata kwa picha. Nikarudi, nikajenga, nikafungua karakana yangu ya redio na spika. Hakuna aliyenishika mkono. Baada ya hayo yote nilijipa zawadi moja: bendi moja ya wazee, nitaifuata popote itakapopiga.

Na nimeifuata. Kilifi, Kikambala, hadi Gongoni kwa wafanyakazi wa chumvi, ambako nilimwona mtu akitandikwa kiti cha plastiki mpaka mpigaji akabaki na mguu wa kiti mkononi, na bendi haikukatiza hata pigo moja. Nilirudi tena waliporudi. Besi ikinigonga kifuani najisikia mzima kuliko siku nyingine yoyote.

Kwenye hoteli za Kikambala mimi ndiye niliyekuwa nafungua uwanja, wa kwanza kucheza. Mwimbaji akiniona tu hutangaza, "Mkubwa wa uwanja kaingia!" na watu wakapiga makofi. Nikazoea.

Basi familia moja ya wakulima wa Adu ikaialika bendi kumaliza matanga ya kijana wao aliyekufa kwa ajali ya pikipiki. Bendi ilimtungia wimbo, na mpiga saksofoni akanipigia simu niende nikasikie kitu kipya. Niliondoka asubuhi na gari langu, shati jeupe, viatu vinang'aa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa huko, alikaa kando yangu. Njiani alinieleza kwamba wimbo wa marehemu una wenyewe: mama mzazi huingia uwanjani kwanza, peke yake, na wengine wote hungoja mpaka aketi.

"Umenisikia, shemeji?"

"Nimekusikia," nikamjibu. Nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Alasiri bendi ikauanza wimbo. Mama alikuwa bado anainuliwa kitini, maana magoti yalimsumbua. Mimi tayari nilikuwa katikati ya uwanja, leso yangu juu, nazunguka kwa kisigino kama Kikambala.

Aliyenipiga alikuwa kaka wa marehemu. Ya pili ilinishukia sikioni, kisha yakaja mateke kutoka kila upande. Shemeji aliruka kuniokoa akala fimbo ya mgongo. Nikamshika mtu kiunoni, tukayumba pamoja, tukaangukia meza ya mitambo. Amplifaya ikaanguka chini. Muziki ukakatika.

Katika kimya kile mama aliuliza, si kwa ukali, "Wimbo wangu u wapi?"

Kiongozi wa bendi alikigeuzageuza kile chombo. "Kimekufa, mama. Na jioni tuna harusi Kilifi. Hatuna kingine."

Mama akakaa chini, mchangani palepale. Kaka wa marehemu akachukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye mgomba. "Kama kimekufa, na huyu afe."

"Mimi ni fundi," nikasema, damu inanitoka puani. "Nina diploma."

"Kailambe!"

"Ni fundi kweli, jamani," shemeji akalia kutoka chini. "Adabu hana, lakini fundi ni fundi."

Kuna aliyecheka. Kaka hakucheka. "Tengeneza. Ukishindwa tunakuzika hapa. Ukiweza, wimbo ukiisha mimi na wewe tutamalizana."

Nikafungua kifuniko kwa ncha ya panga lake, yeye mwenyewe akilishika mpini. Fyuzi ilikuwa imeungua na nyaya mbili zimeng'oka. Nilichomoa waya wa taa ya gari langu ukae mahali pa fyuzi, nikaumenya kwa meno, na jino moja tayari lilikuwa linacheza. Damu ilidondokea ndani nikaifuta kwa shati. Kila nilipotulia kufikiri, teke la mbavu: "Haraka!" Sijui wangapi wenye vyeti vikubwa kuliko changu wangeweza kuunga waya hali wanapigwa. Mimi niliunga.

Spika ikanguruma. Bendi ikaanza upya.

Mama aliingia peke yake. Hakucheza sana, alitembea akipiga hatua ndogo, mikono ameikunja kifuani kana kwamba amebeba mtoto. Shemeji alinivuta shati. "Gari lile pale. Twende, hawa watatuua."

"Haujaisha," nikamwambia.

Saksofoni ilipopanda sikufumba macho. Nilimtazama mama mpaka akachoka, akarudi kitini, akaketi. Kaka wa marehemu akavuka uwanja moja kwa moja kuja kwangu. Sikukimbia. Alinizaba kofi lililonipeleka chini kwa goti.

"Hilo la mama," akasema.

Nikauinua uso kungoja la pili. Alikuwa ananinyooshea leso yangu, imekanyagwa mpaka haina rangi.

"Mama kaketi. Ingia sasa, fundi, kabla hawajamaliza."

Nikatema jino, nikaingia.