Sukuma Ambayo Ndinda Hakuila

Ndinda Nzivo hakuwa akila sukuma wiki ya shamba lake. Jirani zake wa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, walijua, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa wote waliolima kando ya mto walifanya vivyo hivyo. Jioni akifunga kibanda chake cha mboga huko Buruburu, alinunua mboga ya kula nyumbani kutoka kwa muuzaji mwenzake Ndirangu, aliyeletewa mzigo kutoka mashamba safi ya Limuru, akaificha ndani ya kiondo alichokisuka mwenyewe, chini ya leso.

Shamba lake lilikuwa kipande chembamba kati ya mto na bomba kuu la majitaka. Ndicho kilichomsomesha bintiye Mwongeli, na hakuwa na kingine. Maji aliyatoa kwenye bomba hilohilo: unafunua kifuniko cha shimo, unashindilia gunia la udongo mdomoni mwa bomba, uchafu unapanda na kumwagika kwenye mifereji. Ukimaliza, unalitoa. Mboga hunawiri ajabu. Mteja akiuliza ni ya wapi, jibu lilikuwa moja: "Ya Limuru, mama. Si unaona ilivyonona?" Nimekula katika miji mingi yenye mito michafu, na sijawahi kuuziwa mboga iliyokiri kuota hapo.

Basi mtambo wa kusafisha majitaka ulipojengwa huko chini bomba linakoishia, Ndinda aliutilia shaka hata kabla haujawashwa. Ungemeza maji yote ya bomba. Msimamizi wa mtambo, Okinyi, aliita mkutano, akawaahidi wakulima maji yaliyosafishwa, bure.

"Bure?" Ndinda alisimama. "Tuliletewa vyoo vya bure, leo ni stoo ya mtu. Mnataka nini kwetu?"

"Hatutaki kitu, mama. Msizibe bomba tu."

"Ati tumwagilie mboga maji ya choo!"

Watu wakaangalia viatu vyao. Okinyi akauliza taratibu, "Kwani sasa mnamwagilia maji ya nani?"

"Ya Mungu," akajibu Ndinda, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Mtambo ulipowashwa, alishindilia gunia lake kwa nguvu zaidi, na safari hii hakulitoa. Watu wa mtambo wakikosa majitaka, alijiambia, watachoka, watafungasha waende. Haikupita wiki, uvundo ukatanda Reuben nzima.

"Si niliwaambia?" akasema Ndinda. "Huo mtambo utatuua."

Wakamwamini. Wakaandamana hadi langoni, yeye akiwa mbele. Okinyi akawafungulia bila ubishi. Matangi yalikuwa makavu; ndani ya moja mjusi alikuwa akiota jua.

"Nusa, mama," akamwambia Ndinda. "Hatujapata hata tone. Sisi tulidhani ni ninyi mnatuhujumu."

"Mmeyaficha," mtu akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Wakafuata bomba kuelekea juu, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Ndinda, aliyekuja akiwa mbele, sasa alikuwa nyuma kabisa. Kwenye shimo lililokuwa likifurika, Ndolo, mkulima mwenzake, aliingiza jembe akavuta gunia. Majitaka yakashuka kwa kishindo. Gunia lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa kiondo, wenye mistari ya zambarau.

"Mama Mwongeli," Ndolo akasema, "huu ukanda si ulisuka wewe?"

"Kumbe Limuru iko hapa!" mwingine akapaza sauti, na kicheko kikamsindikiza Ndinda hadi mlangoni kwake.

Tangu siku hiyo macho yote yalililinda bomba. Ndinda hakuwa na njia ila kufungua mfereji wa mtambo. Alikinga maji kwenye kopo, akayanusa, akayatazama kama mtu aliyeshikishwa noti bandia. Kisha akamwagilia.

Habari ilishafika Buruburu. Wangeci, mteja wake wa miaka mingi, alisimama kibandani, kisu cha Ndinda kikiwa tayari juu ya mboga.

"Hii ni ya wapi?"

Limuru ilimjia Ndinda mdomoni, ikakwama. "Ya kwangu. Ya maji ya mtambo."

"Miaka yote hiyo umenilisha uchafu, leo ndiyo unaniambia imesafishwa? Wewe mwenyewe unaila?"

Ndinda aliweka kisu chini. Wangeci akaenda zake, na wengine baada yake. Hadi jioni mboga ilikuwa imenyauka.

Siku hiyo hakupitia kwa Ndirangu. Aliikata mboga yake, akaiosha, akaiosha tena, akaipika mpaka ikapoteza rangi. Akakaa na sahani mapajani, akiikagua. Kisha akala polepole, akisikiliza tumbo lake.

Asubuhi Wangeci alionekana ng'ambo ya barabara. Akasita, akavuka.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Na umeamkaje?"

"Si unaniona?"

Wangeci alimchunguza macho, kisha ngozi, kisha akafungua kikapu chake.

"Nikatie fungu moja tu, Mama Mwongeli. Nitampikia mzee wangu kwanza, mimi nitangoja."