Siku Nilipomuua Injinia kwa Kukosa Mchanga

Mkiniona nacheka siku hizi mjue nacheka kwa sababu nimechoka kuona haya, si kwa sababu aibu imeisha. Kila tukikaa wastaafu wa reli watatu au wanne lazima mmoja aseme, "Hebu tupe ile ya injinia," na mimi nasema leo sitaki, mgongo unaniuma, halafu nasikia mtu mwingine anaanza kuisimulia kwa makosa, anaongeza chumvi ambayo mimi mwenyewe sikuitia, basi naona bora niseme kwa mdomo wangu. Haya, sikilizeni, na mkicheka chekeni polepole.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mimi ni msaidizi wa dereva hapa Mwanza, na huo usaidizi ulikuwa umeshanizeekea mwilini. Watu niliowaonyesha mimi namna ya kunywa chai bila kumwagika ndani ya injini inayotikisika walikuwa wameshanipita, wanaitwa madereva, wanavaa kofia zao upande, na mimi bado nafuta mafuta kwa tambara. Mke wangu, mama Koku, alikuwa ameacha hata kuniuliza habari za kupandishwa cheo. Kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa kungoja, na huo wa pili haulaliki ukaisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta treni za pamba. Mabehewa yanajazwa marobota huko chini karibu na ziwa, tunatoka mjini tunapita kwenye yale mawe makubwa, halafu tunaanza kilima (ukikitazama kwa macho utasema hiki nacho ni kilima gani, lakini kifungie pamba nyuma uone). Injini tuliyokuwa nayo ilikuwa ya dizeli, kuukuu hata kwa siku zile, imepita mikono mingi, na sisi tuliiita Bibi Kikohozi kwa sababu kila asubuhi ilikohoa moshi mweusi mpaka majirani wa karakana wakaanua nguo. Ukiibembeleza inapanda. Ukiikaripia inasusa.

Siku ya mkasa nilikuwa napewa mtihani wa udereva. Injinia kutoka makao makuu alikuwa amekuja kwa ajili hiyo, mtu mnene, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi wa safari. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba," huku anapiga miayo, akasema, "Sikiliza bwana. Mimi sijalala. Nakwenda kujinyoosha kwenye behewa la gadi kule nyuma kabisa. Ukinifikisha juu ya kilima bila kuniamsha, umekuwa dereva. Ukiniamsha, utarudi kwenye tambara lako."

Jamani, mtihani gani mwingine ungekuwa mtamu kuliko huo? Nilikuwa nakijua kile kilima kona kwa kona. Nikaingia kwenye injini naimba kwa ndani.

Sasa hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa dogo tu. Injini ya treni ina masanduku ya mchanga huko chini karibu na magurudumu. Ukiona magurudumu yanateleza mlimani unafungulia mchanga kidogo, unamwagika juu ya reli, chuma kinapata cha kushika, unapanda. Lakini lazima uwe mchanga mkavu, ule tuliokuwa tunauanika kwenye bati juu ya moto. Asubuhi ile Masanja, kijana wa Kisukuma aliyekuwa msaidizi wangu kwa siku hiyo (ndiyo, hata mimi nilipewa msaidizi, acheni niringe kidogo), akaja akaniambia, "Kaka Deo, mchanga bado mbichi. Masanduku hayana kitu."

"Jua linawaka," nikamwambia. "Tutajaza tukirudi."

"Mvua ikija?"

"Masanja, nani dereva?"

Nikapiga honi, tukaondoka kwa wakati, na hilo la kuondoka kwa wakati ndilo jambo pekee lililokwenda sawa siku hiyo.

Ziwa letu mnalijua. Linakaa kimya kama halikujui, halafu linakutumia manyunyu ukiwa katikati ya shughuli. Tulikuwa tumeshapanda zaidi ya nusu manyunyu yakaanza, si mvua ya maana, ile tu ya kulowesha reli, na magurudumu yakaanza kuzunguka mahali pamoja. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifungulio cha mchanga, ukakivuta, nikasikia upepo mtupu, fyuuu. Masanja akatazama nje (aliona huruma kunitazama usoni). Nikaibembeleza Bibi, nikamwomba, nikamwita mama, moto ukazidi tumboni mwake, akakohoa mara mbili, akazima. Tukafunga breki zote, Masanja akashuka kuweka mawe kwenye magurudumu, kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia mbuzi wa mtu akilia bondeni.

Nikachungulia nyuma. Gadi wetu, msimamizi wa mabehewa, alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa lake, akaweka viganja viwili shavuni, yaani bado amelala, anakoroma. Moyo ukanirudi! Ikiwa nitapata mchanga mkavu, na Bibi akapoa, na tukaondoka taratibu, injinia ataamka juu ya kilima na mimi nitakuwa dereva. Shida ilikuwa mchanga tu.

Huko chini ya tuta, njiani, akapita mzee mmoja na baiskeli anaelekea kijijini, kijiji kipya cha ujamaa kilichokuwa upande wa pili wa mawe. Upepo unavuma, manyunyu yananyesha, na mimi siwezi kupaza sauti sana kwa sababu ya yule aliyelala. Nikaweka mikono mdomoni, nikamwita kwa sauti ya nusunusu, "Mzee! Waambie watu kijijini, injini imekufa hapa mlimani! Tunaomba mchanga! Hata debe moja!"

Mzee akasimama, akavua kofia, akaiweka kifuani. Nikasema huyu mzee ana adabu kweli. Akauliza, "Amekufa?"

"Imekufa kabisa! Harakisheni, mzee wangu!"

Akapanda baiskeli akaondoka kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Nikamwambia Masanja, unaona, wananchi wanaipenda reli yao.

Kumbe (na haya niliyajua baadaye, nikiwa sina tena pa kujificha) kijiji kile kilikuwa kimeahidiwa kisima, na siku zote wameambiwa ngojeni, injinia wa maji anakuja. Wanawake wanachota maji mbali, wanarudi jua limepanda, wanaambiwa injinia anakuja. Sasa mzee anafika na baiskeli anasema injinia amekufa, amekufia hapo mlimani njiani kuja kwetu, na wenzake wanaomba mchango, hata debe moja. Injini ikawa injinia, mchanga ukawa mchango. Mwenyekiti wa kijiji akasimamisha kazi ya shamba palepale, akatuma mtu mbio stesheni ya mbele kupeleka habari. Na stesheni masta, ambaye alijua kweli kuna injinia kwenye treni ile, angebisha nini? Akashika simu akapiga Mwanza.

Sisi tumekaa tunangoja mchanga. Nikaona watu wanatokea kwenye mawe, wengi, wanaume mbele wamebeba kuni na mikeka, wanawake nyuma na vichwani wana unga, kuna aliyebeba majogoo wawili kichwa chini. Nikajiuliza huu mchanga wanautwanga? Mama mmoja mtu mzima akanishika mikono yangu yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Pole sana, mwanangu. Malehemu ameacha watoto?"

"Marehemu gani, mama?"

"Basi, basi, usiseme. Jikaze."

Kabla sijaelewa wakawa wameshapita, wanakwenda nyuma, na gadi wetu, mtu wa watu, akadhani ni watu wenye shida ya usafiri, akawafungulia mlango. Mle ndani injinia alikuwa amelala chali, amejifunika shuka jeupe kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, kwa sababu ya nzi. Sitaki hata kuwaelezeni kilio kilichopigwa. Mimi nakimbia kando ya mabehewa nasema hapana jamani, hapana, na kila ninayempita ananishika bega kunifariji.

Injinia akaketi.

Wa mbele wakaruka nje, wa nyuma wakaanguka, majogoo wakapotea (mpaka leo nadhani kuna ukoo wa kuku wa porini pale kilimani). Na injinia, mdomo wazi, shuka begani, akauliza, "Nani amekufa?"

Yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi karibu. Akamtazama, akamgusa mguu, akasema kwa furaha, "Mungu mkubwa! Sasa kisima tutachimba wapi?"

Ikabidi aambiwe huyu ni injinia wa reli, si wa maji. Nimeona watu wakilia msibani, lakini sijawahi kuona huzuni kama ile iliyoingia usoni mwa watu wale walipoambiwa mtu wao ni mzima lakini si wao. Waliwasha kuni, wakasonga ugali, wakatupa na sisi tukala, kwa sababu unga ukishatoka nyumbani kwa ajili ya msiba haurudi. Injinia alikula matonge yake, na mimi sikuthubutu kukaa mkeka mmoja naye.

Tukiwa bado tunanawa mikono, tukasikia honi kutoka upande wa Mwanza. Injini ya msaada! Nikasema angalau mchanga umekuja. Ikasimama nyuma yetu, wakashuka wakubwa wa karakana wamejifunga vitambaa vyeusi mikononi, wakashuka shehe na katekista pamoja (hakuna aliyejua marehemu ni dini gani), halafu wakashusha jeneza, rangi haijakauka. Nikamwendea mmoja wao nikamnong'oneza, "Mchanga mmeleta?" Akaniangalia akasema, "Wa kufukia? Si tunamrudisha mjini?"

Injinia akalizunguka lile jeneza mara moja, akalipima kwa macho, akasema, "Mmenipunguzia urefu." Hakuna aliyecheka. Kisha akaja moja kwa moja hadi kwa Bibi Kikohozi, akainama na unene wake wote, akafungua kifuniko cha sanduku la mchanga, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Ulikuwa safi.

"Mlima huu," akasema, "na mabehewa haya. Bila mchanga?"

"Niliona jua linawaka, mzee."

"Kijana, kuniua nimekusamehe. Mchanga sikusamehe."

Injini ya msaada ikatusukuma mpaka juu, dereva wake si mimi, na mimi nikarudishwa Mwanza nikiwa nimekaa kando ya jeneza tupu, kwa sababu mahali pengine pote palikuwa na watu wasiotaka kukaa na mimi. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kumweleza mama Koku. Nikapita Mabatini kwa miguu ili nichelewe kufika.

Nikamkuta mlangoni amejifunga kanga kiunoni, ya pili kichwani, tayari kwenda kulia, maana habari ilikuwa imeshafika mjini kabla yangu na imenenepa njiani. Akanishika mkono akanikalisha, akaniletea maji, akanitazama kwa upole ambao sikuwa nimeuona kwake muda mrefu. Akaniuliza taratibu, kwa sauti ya msibani, "Baba Koku, kabla hajakata roho, alikupitisha?"

Nikamwambia hakufa.

"Ahimidiwe Bwana," akasema, akakaa karibu yangu. "Basi amekupitisha."

Hapo ndipo nilipolia, na yeye akadhani ni furaha. Nilistaafu nikiwa na tambara langu mkononi, na katika miaka yote iliyobaki sikumruhusu dereva yeyote aondoke Mwanza mpaka nimeingiza mkono wangu mwenyewe kwenye sanduku la mchanga. Wengine walinitukana, wengine walinisukuma. Sikuondoa mkono.